Wodini au nyumbani na watu wa msikiti: wapi tumuuguze mgonjwa wetu?

Swali hili huja ghafla. Daktari anapita raundi asubuhi, anafungua faili, anasema, "Huyu keshokutwa tunaweza kumruhusu, au mkitaka tumuweke wiki nyengine." Kisha anahamia kitanda cha pili. Watoto wa mgonjwa wanabaki kutazamana. Mmoja anasema mama akae hospitali, kuna wauguzi waliosoma. Mwengine anasema mama arudi nyumbani, wapo majirani, wapo akinamama wa msikiti, wapo watakaomsomea Yasin usiku na mchana. Wote wawili wanampenda mama yao, na wote wawili wana hoja.

Nimekuwa muuguzi miaka 26, Unguja kwanza kisha Pemba, na tangu nistaafu nimo katika kikundi cha akinamama wa msikiti wa mtaani kwetu Wete, tunaozungukia wagonjwa majumbani. Pande zote mbili nimezifanyia kazi kwa mikono yangu. Nitazilinganisha kama ninavyozijua, na nitasema wazi upande gani ninauchagua na lini.

Lugha yetu yenyewe imeshatenganisha mambo haya. Tuna muuguzi na tuna muuguzaji. Muuguzi ni yule aliyesomea, mwenye zamu na sare. Muuguzaji ni binti, mke, dada au jirani anayekesha kitandani, anayefua mashuka, anayejua mgonjwa anapenda uji wake uwe na iliki. Wote wanauguza. Ukimchukua mgonjwa kutoka kwa mmoja na kumpeleka kwa mwengine, lazima ujue unachokiacha.

Upande wa kwanza ni wodi: Mnazi Mmoja na Lumumba kwa Unguja, Abdulla Mzee pale Mkoani kwa Pemba, pamoja na hospitali za wilaya zilizojengwa miaka ya karibuni kama Vitongoji na Kinyasini. Upande wa pili ni nyumba, lakini si nyumba iliyojifungia. Ni nyumba yenye msikiti au kanisa nyuma yake, yenye kituo cha afya cha karibu, na penye bahati hufika wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanaopita nyumba kwa nyumba.

Huko Marekani upande huu wa pili umepewa jina, uuguzi wa parokia (parish nursing), na utaratibu. Katikati ya miaka ya 1980 mchungaji wa Kilutheri aitwaye Granger Westberg alianza, karibu na Chicago, kuwaweka wauguzi waliosajiliwa ndani ya makanisa. Mwaka 1998 chama cha wauguzi cha nchi hiyo kikaitambua kuwa ni fani inayojitegemea, na leo wapo pia wauguzi wa aina hiyo katika misikiti na masinagogi. Jambo moja la fani hiyo ningependa kila mtu wa msikiti wetu alijue: muuguzi yule kwa kawaida hatundiki dripu wala hafungi vidonda. Anatembelea, anasikiliza, anafundisha, anaomba dua pamoja na mgonjwa, na akiona hali si nzuri anamrudisha hospitali. Kazi kama hiyo sisi tunaifanya bila cheo, na tukiifanya vibaya ni kwa sababu tumejisahau tukadhani tumekuwa wodi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Vita vya Khandaq vilipomjeruhi Saad bin Muadh, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha apigiwe hema ndani ya msikiti wa Madina ili awe karibu naye kumtazama. Wanahistoria wa Sira wanamtaja Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyekuwa na hema la kutibia majeruhi pale. Huwa nawakumbusha wenzangu: hema lilikuwa msikitini, lakini ndani yake alikuwamo mtu anayejua kazi.

Usiku

Nikiulizwa kitu kimoja cha kupimia, nasema pima usiku. Mchana kila mahali pana watu. Saa nane za usiku ndipo unapojua mgonjwa wako yuko mikononi mwa nani.

Wodini saa nane za usiku nimewahi kuwa na mwenzangu mmoja tu, wagonjwa zaidi ya thelathini. Siitaji hospitali, na sisemi ili kumlaumu mtu. Nasema ili ujue kwamba mkono uliosoma upo, lakini umegawika. Mgonjwa akiita "Nesi!" kwa sauti ndogo huenda nisimsikie, kwa kuwa nipo kitanda cha mwisho natafuta mshipa wa mtoto wa watu. Hata hivyo nikimfikia, ninayo oksijeni, ninayo dripu ya sukari, ninayo sindano ya degedege, na yupo daktari wa kuitwa.

Nyumbani saa nane za usiku binti amelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mama akigeuza shingo tu, binti keshaamka. Ukaribu huo hakuna wodi inayoweza kuutoa. Lakini mama akianza kuhema kwa shida, binti ana nini mkononi? Ana simu, na gari ya kutafuta, na njia ya shamba gizani.

Ndiyo maana kipimo changu ni hiki. Ugonjwa unaoweza kubadilika ndani ya saa moja, mgonjwa akae wodini, hata kama wodi imejaa na chakula chake hakiliki. Kiharusi cha siku za mwanzo, pumzi isiyotulia, sukari inayopanda na kushuka, homa isiyojulikana chanzo, kidonda cha upasuaji kibichi: hayo ni ya wodini. Ugonjwa ambao mabadiliko yake huonekana kwa siku, si kwa saa, huo unaweza kwenda nyumbani. Aliyepooza na hali imetulia, mzee aliyeishiwa nguvu, mwenye saratani ambaye madaktari wameshasema hakuna tena cha kupasua. Hao mara nyingi nyumbani wanapata uuguzi bora kuliko wodini, kwa sharti.

Sharti lenyewe nililijua kwa macho. Tulikwenda kumtazama mzee mmoja mvuvi, amepooza upande wa kulia, nyumba nzima inamhudumia kwa mapenzi. Shuka safi, udi unafukizwa, mwanawe wa kiume anamwogesha mwenyewe. Nikaomba tumgeuze. Juu ya kifandugu palikuwa na kidonda, kipana kama kiganja cha mtoto, pembeni pameshakuwa peusi. Nikauliza wanamgeuza mara ngapi. Binti yake akajibu kwa fahari, "Kila adhana, bibi. Hatujakosa hata moja."

Alikuwa anasema kweli. Wala hakuwa mvivu. Lakini kutoka Alfajiri mpaka Adhuhuri ni kama saa saba, na kutoka Isha mpaka Alfajiri ni zaidi ya tisa. Ngozi ya mtu asiyeweza kujigeuza haivumilii hivyo. Wodini tunafundishwa kila saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, na mto mdogo chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Tukatafuta njia ambayo nyumba ile itaishika. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa madrasa, akasema waambieni saa za shufwa. Saa mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili: shufwa anageuzwa, witiri anapumzika. Mpaka mjukuu wa miaka tisa akalishika, akawa ndiye mkumbushaji. Kidonda kilichukua miezi kufunga, na muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyekuwa akikisafisha, lakini kipya hakikutokea. Tangu siku ile kila nyumba tunayoingia tunasema shufwa na witiri.

Sasa hapo nani alishinda, wodi au nyumba? Elimu ilikuwa ya wodini. Watu wa kuamka mara tano za usiku walikuwa wa nyumbani. Wodi yenye wauguzi wawili haiwezi kumgeuza kila mtu kila saa mbili, na asiyekubali hilo hajawahi kushika zamu ya usiku.

Imani ya mgonjwa kitandani

Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitaja mambo sita ya huduma bora, na moja lilikuwa huduma inayomweka mgonjwa katikati: kuheshimu anachokitaka, anachokihitaji na anachokiamini, na maamuzi yafuate hayo. Watu husoma hilo wakadhani ni tabasamu na lugha nzuri. Ni zaidi. Nitoe mfano wa bibi mmoja, jirani yangu, wanawe wakimwita Bi Mkubwa.

Alilazwa kwa kiharusi. Siku ya tatu kaka yake alikuja na chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kukoshwa kwa maji ya waridi. Akataka dada yake anywe. Muuguzi wa zamu, msichana mdogo kabisa, alijua kitu ambacho mjomba hakukijua: Bi Mkubwa alikuwa hajaweza kumeza. Aliyepatwa na kiharusi hupaliwa na maji mepesi kuliko na uji mzito, na yakiingia mapafuni huleta homa ya mapafu inayoua. Nimeshuhudia wauguzi wakisema "Hairuhusiwi" wakageuka, na nikashuhudia jamaa wakingoja mgongo wa nesi wakamnywesha kwa siri. Yule msichana hakufanya hivyo. Alisema, "Shikamoo, mjomba. Kombe lake tulipokee. Kumeza bado hawezi, atapaliwa. Lakini unaweza kumpaka." Akaleta pamba, mjomba akachovya, akampaka dada yake midomo, paji la uso, na mkono uliopooza, huku anasoma. Bi Mkubwa alitokwa na machozi. Hakuna tone lililokwenda kooni.

Hapo ndipo penye uuguzi unaomweka mgonjwa katikati. Msichana yule hakupunguza hata chembe ya utaalamu wake, na mjomba hakupunguza hata chembe ya imani yake.

Kwa kawaida nyumba inashinda katika jambo hili. Kitanda kinaelekezwa kibla bila kuomba ruhusa. Mgonjwa anatayamamishwa na mtu anayejua. Mwanamke anaoshwa na wanawake. Mwenye mpira wa mkojo anaambiwa na shekhe wake kwamba sala haijamwondokea, atatawadha wakati ukiingia na atasali kwa hali yake. Neno hilo kutoka kwa shekhe linamtuliza kuliko likitoka kwangu. Nilikuwa na mgonjwa wa sukari aliyekataa kufungua Ramadhani. Nilimweleza siku mbili. Shekhe alikuja baada ya Tarawehe, akamsomea aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, akamwambia kukubali ruhusa ya Mola ni ibada. Kesho yake saa tatu asubuhi alikunywa chai na dawa zake.

Lakini nyumba inashinda kwa mgonjwa wa dini ya nyumba ile tu. Zanzibar wapo Wakristo, wengi wao wafanyakazi waliotoka bara, jamaa zao wako mbali. Mgonjwa kama huyo wodi ndiyo nyumba yake, na muuguzi Muislamu anatakiwa amuulize swali lile lile: unataka tukuitie nani? Padri akija na mafuta ya mpako wa wagonjwa, pazia livutwe na redio izimwe kama tunavyofanya kwa shekhe. Wenzetu hao wana historia ndefu ya kazi hii hapa. Masista wa Kikatoliki wamewauguza wazee pale Welezo kwa miaka mingi, wazee ambao wengi wao ni Waislamu, na sijasikia mzee wa Welezo akilalamika kwamba mkono uliomwosha ulikuwa na rozari.

Wageni na siri

Hapa wodi inashinda, tena kwa mbali, na najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu.

Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake. Lakini ile ni haki ya mgonjwa, na sisi tumeigeuza ikawa haki ya mgeni. Nyumba ya mgonjwa Pemba haina mlango. Wanaanza kuingia baada ya Alfajiri, wanakaa, wanasimulia nani mwengine alipatwa na maradhi kama haya akafa. Mgonjwa anataka choo na anashindwa kusema, kwa sababu kuna wanaume wanne barazani na wanawake saba chumbani. Halali, halishwi kwa utulivu, na jioni presha imepanda. Wodini kuna saa za kutazama wagonjwa na kuna mlinzi mlangoni. Watu humchukia mlinzi yule. Mimi nimekuja kumpenda.

Siri ni hivyo hivyo. Faili la wodini linafungwa, na muuguzi anayetoa siri ya mgonjwa anavunja miiko ya kazi yake. Msikitini dua husomwa kwa jina, na baada ya dua kuna maswali: anaumwa nini? Mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye maradhi ya akili, msichana aliyeharibikiwa na mimba. Hawa wengine wamekimbia dawa kwa kuogopa mdomo wa mtaa. Kikundi chetu kimewekeana sharti: tunatangaza kwamba fulani anaumwa na tunamwombea, basi. Jina la ugonjwa linabaki kwa mwenyewe. Kama kikundi cha msikiti wenu hakijaweka sharti hilo, na ugonjwa wa mtu wako ni wa siri, mwache kwa wauguzi.

Gharama

Sehemu hii si fupi kwa kuwa gharama ni ndogo, ni fupi kwa kuwa kila nyumba inaijua yake. Sera ya matibabu bila malipo iliyokuja baada ya Mapinduzi ya 1964 imewafanya wengi waamini wodi haigharimu. Chakula kinatoka nyumbani, muuguzaji analala nje ya wodi, na mgonjwa wa Pemba akipewa rufaa ya Unguja kuna nauli ya boti ya kila anayemfuata. Nyumbani zinahitajika pempasi, sabuni, na mtu mmoja anayeacha kazi yake, ambaye karibu kila mara ni mwanamke. Mwenye miaka 70 au zaidi ana Pensheni Jamii iliyoanza 2016, inasaidia, haitoshi. Sadaka ya msikiti hujaza pengo kwa wiki za mwanzo, kisha watu huchoka. Panga kwa mwezi wa tatu, usipange kwa wiki ya kwanza.

Ningechagua nini

Mgonjwa anayeweza kubadilika ndani ya saa: wodi, na msikiti umfuate huko, wawili wawili, kwa saa zilizowekwa. Mgonjwa aliyetulia: nyumbani, ikiwa wapo watu wasiopungua watatu wa kupokezana usiku, ikiwa kituo cha afya kinafikika, na ikiwa mmoja wao ameoneshwa kazi na muuguzi, akaifanya mbele ya macho yake. Wakikosekana hao watatu, sitamruhusu mtu aseme "tunamtegemea Mungu" kisha amwachie kazi yote binti mmoja. Binti huyo ataumwa yeye.

Na kama mnamchukua, msiondoke wodini na cheti cha dawa peke yake. Mwulizeni muuguzi: anameza nini na nini hapana? Akila abaki amekaa muda gani? Mfuko wa mkojo uning'inizwe wapi? (Chini ya kibofu, na usiguse sakafu.) Dalili gani zikitokea tusingoje asubuhi? Andikeni kwenye daftari la skuli, si kwenye kichwa cha mtu.

Bi Mkubwa alikaa wodini siku kumi na nne. Siku ya kuruhusiwa yule muuguzi mdogo alimwita binti yake mkubwa, akavuta pazia, akamwambia amgeuze mama. Binti akavuta bega, kiwiliwili kikaja, miguu ikabaki. Muuguzi akamrudisha chali, akamwonesha: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, goti la mbali likunjwe kwanza, kisha vuta kwako kwa pamoja. Mara ya pili alikuja vizuri, lakini mkono uliopooza ukabanwa chini. Wakaanza tena. Mara ya tatu mama alilala ubavu, mto mgongoni, mkono umetandazwa juu ya mto mwengine. Binti akauliza, "Sawa hivyo, nesi?"

Muuguzi akamwambia, "Usiniulize mimi."

Binti akainama. "Mama, sawa hivyo?"

Bi Mkubwa alikuwa hajasema neno linaloeleweka tangu aingie. Alichukua muda, mdomo umekwenda upande, akasema, "Mto... juu."

Wakauinua mto.